Usuli wa Mama Soksi

Dada yangu mpendwa,

Kwa heshima na taadhima, na kwa niaba ya walimu wote wa muda wa lugha za kigeni katika chuo hiki, ninakutangazia kwamba tumepata kiti cha nne. Kina miguu yake yote na mgongo wa kuegemea. Siku ya kwanza hakuna aliyethubutu kukikalia. Tulikizunguka tu, kama watu waliokwenda kumtazama mtoto mchanga, mmoja akisema kimefanana na kile cha mhasibu, mwingine akisema la, hiki kina sura ya maktaba.

Baada ya tangazo hilo zito, pokea salamu zangu nyingi. Natumaini hujambo, na kwamba lile goti limepunguza ukaidi. Shemeji naye hajambo? Kile kikohozi chake bado kinaamka kabla yake? Na wapwa zangu, hasa yule aliyeapa hatakula tena mboga mpaka ahame nyumba, amefikia wapi? Mimi ni mzima kiasi cha mtu kuweza kusema ni mzima. Nimechoka tu, na uchovu si ugonjwa. Ungekuwa ugonjwa, chuo kingenidai cheti cha daktari.

Umeniuliza tena yale maswali yako mawili, yanayofika kila barua kama mapacha walioshikana mikono: nitaajiriwa lini moja kwa moja, na nitaoa lini. Nimeyasoma yote mawili kwa makini, kisha nikaruka nikaenda kusoma habari za mbuzi wa jirani yako. Leo nitayajibu. Ningeweza kupiga simu, najua, lakini kwenye simu hunikatiza kila ninapokaribia penye maana, na safari hii penye maana ni mbali kidogo. Tafuta mahali ukae.

Nianze na hicho kiti, kwa kuwa mambo yote yaliingia nacho mlango mmoja. Chumba chetu, kama nilivyowahi kukusimulia, kilikuwa stoo ya vifaa vya michezo. Wavu wa mpira bado unaning'inia pembeni, na harufu ya raba haijakubali kuhama. Meza ni moja, viti vilikuwa vitatu, na sisi tuko wanne. Tukajiwekea sheria: anayetoka darasani anakaa, anayekwenda darasani anasimama, ili apate mazoezi. Sheria hiyo imetutunza kwa amani miaka na miaka. Kwa hiyo mkuu wa idara alipoingia akiwa amekibeba kiti kipya mwenyewe, akakipangusa kwa kitambaa chake cha mkononi, tuliangaliana tukajua si chetu. Mwalimu wa muda hanunuliwi kiti. Kuna mtu anayekuja kukikalia.

Mkuu wa idara ni mama mwema, lakini wema wake humfanya aseme jambo baya kwa kulizunguka mara tatu kama kuku anayetafuta pa kutagia. Alianza na hali ya hewa. Akaja kwenye umuhimu wa elimu. Mwishowe akatua: atakuja mkaguzi kutoka makao makuu kuangalia usuli wa kila mwalimu wa muda, yaani alijifunza wapi lugha anayoifundisha, kwa nani, na kwa njia gani. Ambaye usuli wake hautaridhisha hatapangiwa saa muhula ujao. Kila mmoja ataingia peke yake na kujieleza kwa mdomo. Akasema tusiwe na wasiwasi, akatoka haraka kama mtu aliyeacha kitu jikoni.

Kisha mwalimu wa Kijerumani akasema yeye hana usuli, ana mgongo tu, nao unamuuma.

Hapo ndipo nikuelezee watu hawa, maana huwezi kuelewa nilichokifanya bila kujua walikotoka. Usuli wangu mimi unaujua kuliko ninavyoujua mwenyewe, kwa sababu ndiwe uliyekuwa ukiniletea chakula wodini nilipovunjika paja. Unamkumbuka yule dereva wa lori wa kitanda cha pili, mgeni, mwenye nyonga iliyofungwa mizigo kama mizani? Alijua Kifaransa na hakujua kingine. Hakuwa na mtu wa kumlalamikia ila mimi, nami sikuwa na mguu wa kukimbilia. Alilalamika tangu kunakucha mpaka taa zinazimwa: nesi, godoro, supu, barabara, wakwe zake. Mfupa wangu ulipounga, nilikuwa naweza kulalamika kwa Kifaransa juu ya jambo lolote duniani. Vitabu nilivisoma baadaye, nikagundua kwamba lugha ile ina pia maneno ya furaha. Lakini mti hukua ulivyoinama. Waulize wanafunzi wangu kwa Kifaransa habari za asubuhi. Watakujibu vizuri mno, ila hakuna hata mmoja atakayekwambia ni mzima.

Huyo wa Kijerumani tunamwita Bwana Baridi. Alikuwa fundi wa majokofu, akafundishwa kazi na msimamizi wa kigeni ambaye hakuwahi kumsifu mtu tangu azaliwe. Kijerumani chote kilimwingia kwa njia ya kukaripiwa. Wanafunzi wake wakitaka kuazimana kalamu, ukiwa nje ya mlango utadhani wanafukuzana kazi. Wa Kichina ndiye mdogo wetu kwa umri; jina lake la utani ni Lami, kwa kuwa alisimama miaka katikati ya msimamizi Mchina wa barabara na vibarua, akimfikishia huyu hasira za yule na yule visingizio vya huyu. Darasa lake lote linasema kwa kupaza sauti, kana kwamba mashine ya kushindilia barabara inapita dirishani.

Na wa Kitaliano ni Mama Soksi. Dada, huyu ndiye ninayetaka umjue. Alikuwa yaya. Alilea watoto watatu wa familia moja ya kigeni, akahama nao mji hadi mji kila kazi ya baba yao ilipohamia, tangu mkubwa alipokuwa anatambaa mpaka mdogo alipoanza shule. Kisha familia ikarudi kwao, na safari hiyo haikuwa na nafasi ya yaya. Alibaki na sanduku lake na lugha yao. Kitaliano chake ni cha kuogesha, kuvisha, kulisha na kulaza. Kabla ya kuanza kipindi hukunja mikono ya gauni lake, kama mtu anayetaka kupima maji ya beseni kwa kiwiko. Somo lake la kwanza, kila mwaka, ni soksi: nionyeshe soksi zako, hii ya kulia, hii ya kushoto, usitoke nje bila soksi. Hao wanaofundishwa ni watu wazima wenye ndevu, wengine wana wake nyumbani. Mwaka juzi alikuja mgeni Mtaliano, mtu mkubwa mwenye tai, wanafunzi wakapangwa wamsalimie. Wakamwuliza kwa sauti moja kama amenawa mikono. Mkuu wa idara akataka ardhi ipasuke. Yule mgeni alitazama viganja vyake, akacheka mpaka akatoa kitambaa, kisha akasema bado, na akaomba aonyeshwe bomba liko wapi.

Basi, tulipobaki chumbani na habari ya mkaguzi, wote wakanigeukia mimi. Unajua sifa yangu ya maneno; ndiyo iliyokuwa ikiniokoa na fimbo ya mwalimu mkuu, na ndiyo iliyokuwa ikinirudisha kwenye yako. Bwana Baridi akasema wewe mtu wa Kifaransa, wewe unaweza kumwuzia samaki maji, hebu tufanyie kitu. Lami akasema yeye hataki uongo, anataka ukweli uliooga. Nikawaambia hiyo ndiyo kazi yangu hasa. Ukweli siuzidishi, ninauvisha suti.

Nikaanza kushona. Jioni baada ya vipindi tulikaa pale kwenye harufu ya raba, nikampima kila mtu. Bwana Baridi akawa amepata mafunzo ya vitendo ya muda mrefu, katika sayansi ya joto, chini ya mtaalamu wa Ulaya. Jambo hilo si uongo. Yule msimamizi alikuwa mtaalamu na alitoka Ulaya, na jokofu ni jambo la joto, ukilitazama kwa nyuma. Lami akawa mkalimani mwandamizi wa mradi wa kimataifa wa miundombinu. Akayarudia maneno hayo kwa kuyaonja, kama mtu aliyepewa viatu vya kaka yake. Mimi nilijipatia kozi ya makazi, katika taasisi ya afya, na mwenzangu wa mazungumzo aliyezaliwa katika lugha yenyewe. Makazi yalikuwepo, Dada. Nani alikaa pale kuliko mimi? Tulicheka sana jioni zile. Tulikuwa tumechoka, na mtu aliyechoka hucheka kwa bei nafuu.

Mama Soksi peke yake hakucheka. Alikaa akisikiliza, anashona kifungo cha gauni. Zamu yake ilipofika nikamwambia kwake nina suti nzuri kuliko zote: alifanya utafiti wa miaka mingi juu ya namna watoto wadogo wanavyoipata lugha, akiishi ndani ya familia yenyewe. Bwana Baridi akapiga meza, akasema wallahi huyu atapewa uprofesa. Mama Soksi akaukata uzi kwa meno. Akasema ahsante, baba, suti ni nzuri, lakini haimkai. Akasema yeye aliwalea wale watoto. Mdogo alikuwa halali mpaka ashike sikio lake. Akisema leo kwamba ulikuwa utafiti, sikio lile atalipeleka wapi? Lami akamwambia, mama, hao wenyewe huko waliko pengine hata hawakukumbuki. Akajibu kwamba inawezekana, lakini yeye anawakumbuka bila kungoja wao wamkumbuke.

Bwana Baridi akasema baadaye, njiani, kwamba yule mama atafukuzwa, na ni yeye anayetegemewa na mama yake mzazi aliyelala kitandani, na kwamba ukweli ni kitu kizuri kwa wenye mishahara. Nilikasirika kwa kuwa alikuwa amesema nilichokuwa nikikifikiri.

Sasa nilipe deni la swali lako la pili, kwa sababu hapa ndipo mahali pake. Kwa muda mrefu tumekuwa tukitoka pamoja jioni, mimi na Mama Soksi, mpaka kwenye njia panda ya duka la dawa. Mazungumzo yetu ni ya watu wazima waliochoka: nani amepandisha kodi, mwanafunzi gani analala darasani, mama yake amekula nini. Siku moja mvua ilitukuta, akaniangalia miguuni, akaniambia kwa Kitaliano jambo ambalo wanafunzi wake wote wanalijua. Nilirudi nyumbani nikiwa na soksi zilizolowa na moyo wa kijana. Nilikuwa nimepanga kusema neno. Nilijiambia nisubiri ukaguzi upite kwanza, mtu asije akaposa leo na kesho akawa hana saa hata moja ya kufundisha. Hayo ndiyo majibu yako, usishangilie bado.

Mkaguzi alifika siku aliyosema, jambo lililotushtua sote. Tulitarajia simba, akaja mtu mwembamba mwenye mkoba uliochanika mpini, aliyeuliza kwanza choo kiko wapi na pili kama kuna chai. Akakaa kwenye kile kiti cha nne, mkuu wa idara pembeni yake, wakatutoa sisi nje. Tulipangwa kwa alfabeti: Kichina, Kifaransa, Kijerumani, Kitaliano. Lami aliingia, akatoka akifuta jasho, akasema mradi wa kimataifa umepita salama isipokuwa aliulizwa ulikuwa mradi wa nini, akalazimika kusema barabara.

Nikaingia. Nikaitoa suti yangu, ikanikaa vizuri. Yule bwana alikuwa amevua viatu chini ya meza. Hakujua Kifaransa, wala Kichina, wala lugha yoyote tuliyokuwa tukiifundisha. Alisema yeye anakagua usuli, lugha zina watu wake. Tukaelewana upesi. Akaniambia kwamba hata yeye ni mkaguzi wa muda, anaitwa wanapozidiwa, na kwamba siku hiyo alikuwa amebakisha vyuo viwili na mguu mmoja unamwasha. Nikamwonea huruma. Dada, jihadhari na huruma. Ndiyo inayolegeza ulimi. Akatazama karatasi yake akasema huyu wa mwisho, wa Kitaliano, hapa ni patupu kabisa, hakuna shule, hakuna kozi, je, mimi ninamfahamu? Aliuliza kama mtu anayeuliza njia.

Ningeweza kusema mwulizeni mwenyewe. Nilimwona akilini akiingia na mikono yake iliyokunjwa, anasema nilikuwa yaya, na kalamu ya yule bwana inapita juu ya jina lake. Nikafungua mdomo. Nikamwambia kwamba mwenzetu huyo ni mtu wa kujishusha mno, hapendi kutajwa, lakini sisi wote tunajua kwamba alifanya utafiti wa miaka mingi wa lugha ya watoto wachanga. Yule bwana akainua kichwa. Nikaona inaingia, nikaongeza. Nikataja watafitiwa watatu wa umri tofauti. Nikataja mbinu ya kuishi pamoja nao usiku na mchana. Nikasema, Mungu anisamehe, kwamba alikuwa na uchunguzi wa pekee kuhusu lugha na usingizi. Mkuu wa idara alinitazama mdomo wazi. Mkaguzi akaandika yote, akasema watu wa aina hii ndio wanaofichika.

Nilipotoka nje nilimkuta Mama Soksi amesimama ukutani, anapangusa chaki kwenye kiwiko. Akasema umemaliza mapema, baba. Nilitaka kumwambia pale pale. Lakini Bwana Baridi alikuwa ndiyo kwanza anaingia, na mimi kipindi changu kilikuwa kimeshaanza. Darasa zima linasikika mpaka kwenye ukumbi. Unajua sheria yetu: tunalipwa kwa saa tunayoonekana darasani, na mwalimu wa muda asiyeonekana darasani ni marehemu. Nikajiambia Bwana Baridi nimemfundisha maneno marefu, atakaa humo hadi wachoke, nitatoka kidogo katikati ya kipindi nimwonye Mama Soksi. Nikaenda kufundisha.

Bwana Baridi alipoingia akasahau kila kitu. Sayansi ya joto ilimtoka kichwani kama mvuke. Akasema mimi nilikuwa fundi wa majokofu, basi. Mkaguzi akamwambia kwake kuna jokofu linaloganda juu na kuvuja chini. Wakashauriana juu ya mpira wa mlango, wakapeana mikono, akatoka. Nilipochungulia ukumbini, ukuta ulikuwa mtupu.

Yaliyotokea humo ndani nilielezwa na mkuu wa idara siku ya pili yake. Alinisimamisha kwenye ngazi, amefurahi, akaniambia kumbe tumekaa na lulu bila kujua. Kisha akanisimulia, na kadiri alivyosimulia mimi nilikuwa natafuta pa kushika.

Alisema Mama Soksi aliulizwa alijifunza wapi, akajibu kwamba alikuwa yaya, alilea watoto watatu. Mkaguzi akarudisha kurasa zake nyuma. Akamwambia kwamba mbona mwenzake wa Kifaransa ameeleza habari nyingine, tena kwa kirefu. Sasa katika hao wawili mmoja hasemi kweli, na uongo mbele ya mkaguzi ni jambo la mtu kuondolewa kabisa chuoni. Alisema hivyo bila ukali, huku akitafuta kiatu chake kwa kidole cha mguu. Mama Soksi akauliza, ni yule wa Kifaransa ndiye aliyesema? Akaambiwa ndiye. Akaishusha mikono ya gauni lake, huu mmoja, kisha na ule, akafunga vifungo. Akasema basi aliyosema mwenzangu ndiyo yenyewe. Mimi nimezoea tu kusema yaya, kwa kujishusha.

Mkaguzi akaandika. Kisha, kwa ajili ya kukamilisha, akauliza na hao watoto watatu aliowataja walikuwa wa nani. Mama Soksi akamjibu kwamba hakukuwa na watoto. Kulikuwa na utafiti.

Mkuu wa idara aliona jambo hilo ni la kuchekesha, namna msomi anavyoweza kuwa na haya. Nami nilicheka naye, pale kwenye ngazi. Nilicheka, Dada. Uso wangu ulifanya wenyewe.

Nilikwenda chumbani nikamkuta Mama Soksi anasahihisha madaftari. Nilikuwa nimeandaa maneno, mimi mwuza maji kwa samaki, na hayakuja hata moja. Nikasema Mama. Akasema bila kuinua macho kwamba kipindi changu kimeanza. Hakuwa na hasira. Ningeipata hasira ningejua pa kuanzia. Kifaransa changu chote ni cha hasira. Alikuwa amechoka tu, kama mtu aliyebeba mzigo mpaka mlangoni akaambiwa nyumba siyo hii. Tangu siku hiyo ananisalimia, ananipa chaki nikiishiwa, na jioni anatokea geti la nyuma.

Na tangu siku hiyo anafundisha kwa kitabu. Kile cha idara, chenye picha ya ndege kwenye jalada, ambacho hakuwahi kukifungua. Somo la kwanza ni uwanja wa ndege, la pili hoteli. Jana nilipita dirishani kwake nikasimama. Wale wenye ndevu walikuwa wanaomba tiketi ya treni, kwenda tu, daraja la pili, na yeye amesimama mbele yao, mikono ya gauni imefungwa hadi kwenye kifundo. Walikuwa wanasema sawasawa kabisa. Mmoja wao akanyoosha mkono akamwuliza, mwalimu, na zile soksi je? Akamwambia hizo hazimo kwenye mtihani.

Ninakuandikia wewe kwa kuwa hapa sina wa kumwambia. Bwana Baridi atasema nimemwokoa. Lami atasema maneno tu hayo, mama mwenyewe anajua watoto walikuwepo. Lakini wewe ulinichukua mimi mgongoni mama alipotutoka, nawe ulikuwa hujamaliza hata kuwa mtoto mwenyewe. Hebu niambie: siku ile pale wodini, kama ungeambiwa kwamba ili mimi nisifukuzwe kitandani, useme huna ndugu, ungesema? Najua ungesema. Ninachotaka kujua ni kile cha baadaye: ungerudi vipi nyumbani jioni ile, na mimi ningekuambia nini mlangoni. Usinijibu kwa methali. Za kwangu nimezipitia zote, hakuna iliyonitosha.

Nifikishie salamu kwa shemeji, mwambie anywe dawa yote na si nusu. Wabusu wapwa zangu, na yule wa mboga mwambie mjomba yuko upande wake, ila asimtaje. Msalimie jirani, na mbuzi wake pia, kama wamepatana. Goti lifunge kitambaa asubuhi kabla hujaanza kusimamasimama. Barua ikichelewa kujibiwa nitajua ni goti, siyo wewe. Nakutakia afya na usingizi.

Ni mimi mdogo wako, mwenye mguu ulioungwa na ulimi ambao haujaungwa,

Wa Kifaransa

Tena: mkuu wa idara alinieleza pia, tukiwa bado pale kwenye ngazi, kwamba ratiba ya muhula ujao ilikuwa imeshapangwa kabla mkaguzi hajafika. Sote wanne tumo, kwa saa zilezile.